NGUZO YA UPANDE WA DEREVA

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Mbamba Bay, Wilaya ya Nyasa
Tarehe: 20 Mei 2024, kuanzia saa tano asubuhi
Jina la shahidi: Gertrude Rodrick Mbele, mjane wa Methodi Kumburu
Umri: miaka 61
Kabila: Mnyasa
Dini: Mkristo
Elimu: darasa la saba
Kazi: mkulima
Makazi: Kihagara
Mwandishi wa maelezo: WP Koplo Emerensiana

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, nikiwa na shemeji yangu Placidi Kumburu. Afande ameniambia kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Ninasema kwa Kiswahili. Pale neno liliponipotea nimelisema kwa Kinyasa, na afande, ambaye mama yake ni mtu wa Lipingo, amelielewa na kuliandika.

Marehemu Methodi Kumburu, mwenye umri wa miaka 66, alikuwa mume wangu. Nyumbani nilimwita Baba Glorious, kwa jina la binti yetu wa kwanza, na humu nitamtaja hivyo, kwa sababu nikisema "marehemu" kila mara sitaweza kumaliza. Allen Mapunda, ambaye yuko mahabusu hapa kituoni, ni mkwe wetu. Yeye ndiye aliyemwoa Glorious. Wana mtoto mmoja, Eunice, mwenye miaka sita, na Eunice anaishi kwangu.

Nimekuja kueleza kilichotokea asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, lakini inabidi nianze nyuma kidogo.

Mnamo mwezi Agosti mwaka 2020 Glorious alikuwa anarudi kutoka Mbinga kwa gari la kukodi. Gari lilipinduka mlimani, kwenye mteremko wa kuja ziwani. Halikwenda mbali. Lilijigeuza mara moja tu na kulala juu ya paa, na paa likashuka mpaka kwenye viti. Baba Glorious ndiye aliyekwenda kumtambua mtoto. Aliporudi hakuniambia alivyomkuta, nami sikumuuliza mpaka amekufa. Aliniambia neno moja tu: "Vyuma vilikuwa vyembamba." Alikuwa anasema vile vyuma viwili vinavyosimama kushoto na kulia kwa kioo cha mbele na kubeba paa. Sisi tunaviita nguzo.

Wakati huo chama chetu cha kusaidiana pale kijijini kilikuwa na pikapu ya zamani ya kupeleka wagonjwa hospitali Mbinga na kuleta maiti nyumbani. Dereva wake alikuwa Allen. Pikapu ilikuwa inalala uani kwetu kwa sababu uwanja ni mpana na nyumba yetu iko karibu na barabara. Baada ya kumzika Glorious, Baba Glorious alikwenda uani akaishika nguzo ya ile pikapu. Ilikuwa na unene wa mpini wa jembe. Kwenye kikao cha chama alisimama akasema gari hilo liuzwe, na kwamba yeye hatapanda wala hatampandisha mtu kwenye paa la aina ile tena. Wengine walitaka gari jingine la wazi, ambalo lingebeba hata mpunga na mihogo. Alikataa. Hakuwa mtu wa kubishana, lakini siku ile alibisha mpaka watu wakachoka.

Mwaka uliofuata yeye na Allen walikwenda Songea kutafuta gari. Waliyaona mengi. Muuzaji wa hili tulilonalo aliwaeleza kwamba limetengenezwa kwa namna ambayo hata likipinduka paa halishuki, na kwamba ndani ya nguzo imefichwa mifuko ya hewa inayofumuka kulinda kichwa cha abiria. Allen alinisimulia kwamba Baba Glorious hakutazama viti wala injini. Alikunja kidole akagonga nguzo ya upande wa dereva mara mbili, akasikiliza, akasema, "Hili."

Tangu siku hiyo aligonga nguzo ile kila asubuhi gari lilipotaka kuondoka. Ilikuwa kama sala yake. Jirani yetu Tadea, ambaye ni mwanachama, alimtania sana. Alimwambia, "Mzee Methodi, kila siku unabisha hodi kwenye gari, unategemea nani aitikie?" Baba Glorious alimjibu, "Nikisikia karibu, nitakimbia mpaka Lituhi." Gari likiwa na vumbi milango alimwachia Allen aoshe, lakini nguzo alizipangusa yeye kwa kitambaa chake.

Sasa naeleza jinsi gari lilivyokuwa linatoka kwetu, kwa sababu hapo ndipo penye shauri lenyewe.

Nyumba yetu iko upande wa ziwa. Njia ya kutoka uani inapanda kidogo na kuingia barabara kuu, na pande zote mbili kuna ua wa minyaa mirefu. Mtu aliye ndani ya gari haoni barabara mpaka amefika ukingoni. Siku hizi hata malori ya makaa ya mawe yanapita huku kwetu, nayo hayapunguzi mwendo. Kwa hiyo Baba Glorious alikuwa anatangulia mbele ya gari kwa miguu. Alisimama kwanza kushoto, akaangalia upande wa Lituhi. Kisha alivuka mbele ya gari kwenda kulia, akaangalia upande wa Mbamba Bay, na akaendelea kutembea hatua chache ukingoni mwa barabara, upande ule ambao gari linakwenda, mpaka limpite naye ainue kofia. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka njiani, na anayesindikiza hageuki kurudi kabla msafiri hajamwacha nyuma. Mgonjwa ndiye hasa husindikizwa hivyo, asije akaona kama ametupwa.

Wakati wa pikapu, honi ilikuwa imekufa na kioo cha dereva kilikuwa hakipandi, mvua ikinyesha Allen alilowa bega. Akifika kwenye maingilio ya barabara alikuwa anasimama kabisa, anatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Baba, kukoje?" Baba Glorious alikuwa anamjibu, "Pita, mkwe." Ndipo anaondoa. Siku nyingine walirudia mara mbili tatu kwa sababu ya kelele za injini. Watoto wa pale jirani waliwaigiza wakisukuma magari yao ya mabua: mmoja anauliza kukoje, mwingine anajibu pita, mkwe.

Gari hili jipya lina honi nzuri, lakini Allen hakuipiga nyumbani kwetu hata siku moja. Alisema hawezi kumpigia baba mkwe honi kama anayefukuza mbuzi. Vioo vyake vinafungwa kwa ajili ya vumbi, kwa kuwa wagonjwa wanakohoa, na ndani kuna kipupwe. Lina pia kengele inayolia kitu kikikaribia kona zake. Allen alilifurahia sana. Aliniambia, "Mama, hili lina macho pande zote." Lakini kengele hiyo ililia kwa minyaa yetu pia, kila siku, kulia na kushoto, tangu uani mpaka barabarani. Mwanzoni abiria walishtuka. Baadaye hakuna aliyeisikia tena, kama mtu aliyezaliwa ufukweni asivyosikia mawimbi.

Polepole Allen aliacha kusimama kwenye maingilio. Alipunguza mwendo tu. Hakufanya hivyo kwa dharau. Hakukuwa na dirisha la wazi la kutolea kichwa, na gari lilikuwa linamwambia lenyewe kama kuna kitu. Baba Glorious naye akawa anainua mkono badala ya kuitikia. Hata hivyo nilimsikia mara nyingi akisema "Pita, mkwe" kwa sauti, na vioo vimefungwa.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024 gari lilikuwa linampeleka Rosina, jirani yetu, hospitali Mbinga kwa ajili ya mguu wake uliovimba. Tadea alikuwa anamsindikiza. Saa moja na dakika kama ishirini asubuhi walikuwa wamekwisha kupanda. Jua lilikuwa halijavuka milima ya Umatengo, kwa hiyo halikuwa machoni mwa mtu. Hakukuwa na mvua wala ukungu.

Allen hakuwa amelewa. Alikunywa uji kwangu. Nilimpa bakuli kwa mkono wangu, naye alilipokea kwa mikono miwili huku ameangalia chini, kama mkwe anavyofanya mbele ya mama mkwe. Nilikuwa karibu naye, na ningesikia harufu. Vilevile hakuwa na simu. Simu yake alikuwa amempa Eunice aangalie picha za mama yake, na gari lilipoondoka ilibaki mikononi mwa mtoto. Nimekuja nayo na nimemkabidhi afande.

Baba Glorious alikuwa amevaa fulana, kwa kuwa alikuwa amechota maji. Alimwona Rosina yuko ndani ya gari, akarudi chumbani kuvaa shati. Alisema mgonjwa hasindikizwi na mtu aliyevaa fulana. Alivaa shati lake jeupe la mikono mirefu ambalo nilikuwa nimelipiga pasi kwa ajili ya Jumapili. Nilimwambia atalichafua. Alisema, "Nakwenda hapo barabarani tu." Akagonga nguzo mara mbili, akatangulia.

Mimi nilifuata nyuma kidogo, upande wa kulia wa njia, nimeshika kikapu cha mihogo ya kuchemsha ambayo Tadea alikuwa ameisahau. Niliona kila kitu. Baba Glorious alisimama kushoto, akaangalia upande wa Lituhi, akainua mkono. Nilimsikia akisema, "Pita, mkwe." Kisha alianza kuvuka kwenda kulia kama siku zote. Gari halikusimama. Lilikuwa linakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na lilianza kukata kulia. Baba Glorious alikuwa anatembea kwenda kulia, na pua ya gari ilikuwa inageuka kwenda kulia, wote kwa mwendo mmoja, kama watu wawili wanaoongozana. Kengele ililia. Niliisikia mpaka nje. Kona ya mbele ya kulia ilimgusa kwenye nyonga.

Sikusikia kishindo. Ilikuwa kama mtu anayeshusha gunia. Angeangukia mchanga labda tungekuwa naye leo, lakini aliangukia ukingo wa zege wa kalavati, kwa kichwa.

Allen alisimamisha gari papo hapo. Alishuka akaja mbele, na alipomwona alikaa chini kwanza kabla hajamshika. Tadea alitoka akiita majirani. Rosina alishuka mwenyewe na mguu wake ule, akakaa kandokando ya barabara ili Baba Glorious apate nafasi ya kulazwa. Nilipopanda niliona chupa ya uji ya Rosina imesimama juu ya kiti bila kifuniko. Haikuwa imemwagika hata tone. Nimeomba hili liandikwe, ijapokuwa ni dogo.

Nilimlaza kichwa mapajani mwangu, Allen akaendesha. Kwa kuwa hatukuweza kumfunga mkanda, gari lililia njia nzima, kengele ileile moja, moja, moja. Mahali fulani Allen alisema, "Nyamaza." Hakuwa anamwambia mtu. Baba Glorious hakusema neno. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinagusa mlango. Sijui kama alikuwa anagonga au ni mtikisiko wa barabara. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Hospitalini Allen hakukimbia wala hakujificha. Alikaa sakafuni nje ya mlango mpaka askari walipofika. Kabla hawajamchukua aliniambia maneno haya, nami nayakumbuka yalivyo: "Mama, sikumwona. Alikuwa kushoto, nikamwona ameinua mkono. Kisha hakuwepo popote. Nilisikia gari linalia, nikadhani ni minyaa." Siku hiyo aliniangalia usoni. Alikuwa hajawahi kuniangalia usoni tangu alipokuja kuposa.

Tulimzika Baba Glorious siku ya Alhamisi, tarehe 16 Mei, karibu na Glorious. Allen hakuwepo, alikuwa mahabusu. Baada ya mazishi wanaukoo walikaa. Shemeji yangu Placidi, ambaye ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, alisema maneno ambayo wengi waliyakubali. Alisema, "Mtu mzima, shati jeupe, asubuhi kweupe, hatua nne mbele ya macho. Mbuzi wanamwona, kuku wanamwona, dereva asimwone?" Alisema Allen alikuwa amelewa, au alikuwa anachezea simu, au ana jambo moyoni tangu Glorious alipofariki kwenye gari ambalo baba yake ndiye aliyemkodia. Nilimwambia habari za uji na simu. Alinijibu kwa upole kwamba moyo wa mama unamtetea baba wa mjukuu wake. Kikao kiliamua kwamba asiwepo mtu wa ukoo wa kumwekea Allen dhamana. Ndugu wa Allen wako mbali, upande wa Songea, na bado hawajafika.

Simlaumu Placidi. Yeye na kaka yake walilala mkeka mmoja mpaka wakaoa. Lakini Eunice ananiuliza kila jioni kama baba yake amekwenda kule alikokwenda mama na babu.

Neno la Allen la "hakuwepo popote" ndilo lililoninyima usingizi. Mtu hawezi kukosa kuwepo popote. Nilijua Allen hasemi uongo, na nilijua Baba Glorious alikuwa pale, nilimwona kwa macho yangu. Nilishindwa kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Jana Jumapili nilimwomba Placidi anisindikize hapa, akakubali. Alisema na yeye ana maelezo ya kutoa.

Leo tulipofika tumelikuta gari limeegeshwa nyuma ya kituo. Nilimwomba afande aniruhusu nikae kwenye kiti cha dereva. Aliniuliza kama najua kuendesha, nikasema sijui, nataka kukaa tu. Alifikiri kidogo akaleta ufunguo. Mimi na Allen tunalingana kimo.

Nilikaa. Ni mara yangu ya kwanza kukaa mahali pale. Niliona uwanja wote, nikaona bendera, nikaona ziwa. Afande alimwambia Placidi asimame mbele upande wa kushoto, hatua nne, kisha atembee taratibu kwenda kulia, na kwamba mimi niseme akipotea. Placidi ni mtu mnene kuliko kaka yake, na leo amevaa shati la rangi ya maziwa. Alianza kutembea. Nilimwona vizuri, nikamwona mpaka katikati, nikamwona akikaribia kulia. Kisha nikasema, "Sasa simwoni." Afande akamwambia asimame palepale.

Hakuonekana bega wala mguu. Mbele yangu ilikuwapo nguzo tu, pana kuliko kiganja changu na vidole vyake, nyeusi kwa ndani, imelala kwa mbele. Afande alisema, "Shahidi, unamwona?" Nikasema simwoni. Placidi akasema kutoka huko alikokuwa, "Shemeji, mimi niko hapa." Sauti niliisikia kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Afande aliingia kwenye kiti baada yangu, akaangalia, akatoka. Kisha Placidi alisema na yeye anataka kukaa. Mimi nilikwenda kusimama kushoto kama alivyokuwa amesimama yeye, nikatembea kama Baba Glorious alivyotembea, polepole, mikono nyuma. Placidi alifunga mlango na akakaa mkao wa dereva, mikono kwenye usukani. Baada ya muda alishusha kioo.

Alisema, "Shemeji, njoo basi hapa mbele."

Nilimwambia, "Nimekwisha kufika."

Nilipotoa kichwa pembeni ya nguzo nilimwona ameishika kwa mkono wa kulia, anaipapasa kutoka juu mpaka chini. Aligonga mara mbili kwa kidole. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Wale ndugu wawili waligonga namna moja.

Sasa naomba yaandikwe mambo mawili, na lisiandikwe moja likaachwa jingine.

La kwanza, Allen hakusimama kwenye maingilio ya barabara. Angesimama, angeshusha kioo na kuuliza kukoje kama zamani, mume wangu angemjibu, na sauti ingekuja kutoka kulia, naye angejua yuko wapi. Kengele ililia naye hakuijali. Sisemi kwamba hana kosa. Mwenyewe hatakubali nikisema hivyo.

La pili, hakumwona, na asingeweza kumwona. Kati ya macho yake na lile shati jeupe palikuwa na chuma. Chuma hicho hakikuwekwa na Allen. Kiliwekwa huko kilikowekwa ili paa lisiwashukie watu, na mume wangu ndiye aliyekichagua kati ya magari yote ya Songea, kwa kukigonga, kwa sababu ya mtoto wetu. Gari hili likipinduka mlimani, naamini Rosina atatoka mzima, na Tadea atatoka mzima. Glorious angetoka. Silichukii. Lakini aliyelitengeneza aliwafikiria walio ndani. Labda huko kwao hakuna mtu anayetangulia mbele ya gari kwa miguu.

Kuhusu dhamana, nimemwambia afande kwamba mimi niko tayari kumdhamini Allen. Sina cha kuweka zaidi ya shamba na jina langu. Kama kuna kesi, atakwenda kuijibu, nami nitakwenda naye. Ila naomba alale nyumbani, amweleze mwanawe mwenyewe, kabla hajaelezwa na watu wengine.

Niliyoyasema yote nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia kwa masikio yangu, na nisiyoyajua nimesema siyajui.

Sahihi ya shahidi: Gertrude R. Mbele

Nyongeza. Baada ya kusomewa maelezo haya, shahidi ameomba liongezwe hili kwa maneno yake: Placidi alipopotea nyuma ya nguzo, kabla afande hajamwambia asimame, nilimsubiri atokeze upande wa pili. Wanatembea namna moja, yeye na kaka yake. Kwa muda ule mfupi sikujua ni nani atakayetokeza. Si ushahidi, lakini nilitaka liwepo.

Sahihi ya shahidi: Gertrude R. Mbele

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kiti cha dereva na sikumwona Placidi Kumburu akiwa amesimama mahali palipoelezwa, umbali wa hatua nne. Simu ya mtuhumiwa imepokelewa kama kielelezo. Placidi Kumburu ameomba maelezo yake aliyokusudia kutoa leo yasichukuliwe kwanza. Saa nane mchana ameomba karatasi ya dhamana ya Allen Mapunda na kuweka sahihi kama mdhamini wa kwanza. Shahidi ameweka sahihi kama mdhamini wa pili.

Saa tisa alasiri gari lilitolewa uani kupelekwa kwa mkaguzi wa magari. Nilimwagiza dereva ashushe kioo, nikatangulia mbele mpaka barabarani. Aliniuliza, nikamjibu, ndipo akapita.

WP Koplo Emerensiana
Kituo cha Polisi Mbamba Bay